Mashua ya zamani, siku mbili na nusu: Takwa, Siyu au Kipungani?

Mwana wa Mkomani

Assalaam alaykum jamaa. Ami yangu amenipa mashua yake, futi 22, haina mashine, tanga moja tu. Imekaa juu ya mchanga chini ya mvinje tangu mwaka juzi, magoti yalipomkatalia kuingia chomboni. Juzi aliniita nyumbani akaniwekea mkononi kana ya usukani, ule mti wenyewe, umelainika pale alipokuwa akiushika miaka yote hiyo. Akasema nisimwachie chombo kikaoza.

Nataka safari ya kwanza niende na wanangu wawili, mmoja ana miaka 11 na mwingine 14, pamoja na mpwa wangu ambaye ni mvuvi. Tutoke Ijumaa ya wiki ijayo baada ya swala, turudi Jumapili mapema, maana Jumatatu watoto wana shule. Nimebaki na njia tatu. Takwa, kule kisiwa cha Manda, ni karibu. Siyu, kisiwani Pate, kupitia mlango wa bahari wa Mkanda, ni mbali kidogo, lakini ndiko alikozaliwa mama yake ami, na ningependa watoto waione ile ngome. Au tuzunguke nyuma ya kisiwa chetu cha Lamu, Matondoni mpaka Kipungani. Moyo wangu uko Siyu. Mnasemaje, na kusi hii ya Julai, upepo wa kutoka kusini?

Nahodha Mstaafu

Waalaykum salaam mwanangu. Kabla ya kuuliza upepo wa kwendea, uliza wa kurudia.

Kwenda Siyu Julai ni raha tupu. Kusi iko nyuma, mkitoka Mkanda tanga limejaa na watoto wataimba. Jumapili ndipo utakapoijua bahari. Utarudi na kusi usoni tangu Mtangawanda, na pale kati ya Pate na Manda hakuna kisiwa cha kukukinga na mawimbi yanayotoka nje. Utabisha kutwa, yaani kwenda huku na huku dhidi ya upepo. Tanga letu la pembe tatu si kama la wazungu, linalojigeuza lenyewe. Kila ukibisha, foromali, mti unaobeba tanga, izungushwe mbele ya mlingoti, demani, kamba ya tanga, ifunguliwe ihamishiwe upande wa pili, na wakati huo huo chombo kisipoteze mwendo. Hiyo ni kazi ya watu wazima watatu au wanne. Wewe una baharia mmoja na watoto wawili, nawe mwenyewe umeshika usukani.

Na mashua kuukuu ikibishwa kutwa, maungo hulegea. Wimbi linapiga omo, mbele ya chombo, mbao zinasogea, kalafati, ile pamba ya kuziba maungio, inatoka. Mimi yalinipata nikiwa kijana, nikalala Mtangawanda siku mbili kungoja upepo upungue, maji ya kunywa yamebaki nusu kibuyu. Sikuwa na mtoto chomboni. Ningekuwa naye nisingejisamehe.

Siyu ni safari ya kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini. Ngoja Januari. Hapo mtakwenda mkiulazimisha upepo mkiwa na nguvu zenu, na siku ya kurudi mnaletwa na upepo huku mmekaa. Julai ni Kipungani.

Bi wa Shela

Mzee amesema kweli kuhusu Siyu, na mimi siwezi kumpinga katika mambo ya upepo. Lakini mbona Takwa mnaipita hivi hivi? Watoto wa siku hizi wamezaliwa Amu na hawajafika. Pale pana msikiti mkubwa wenye nguzo imesimama juu ya ukuta wa kibla, na nje ya ukuta wa mji lipo kaburi la nguzo lenye maandishi ya mwaka 1681 au 1682. Sisi watu wa Shela twaambiwa wazee wetu walitoka huko maji ya visima yalipoingia chumvi. Mimi nilipelekwa na babu yangu kuomba mvua, na hadi leo nikipita nje ya kile kijito cha kuingilia Takwa huangalia ndani.

Ila kijito chenyewe kinataka hesabu. Ni mikoko kulia na kushoto, na maji yakipwa hubaki tope. Bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji yanajaa sana, lakini yanajaa saa kumi jioni au saa kumi na moja, ukimaliza kuzuru usiku umeingia. Maji mafu, ya nusu mwezi, yanajaa saa nne asubuhi, saa nzuri, lakini hayafiki juu na mashua yenye mkuku mrefu, ule uti wa chini, hugusa chini. Siku nzuri ni mwezi nne au mwezi tano, yaani siku ya nne au ya tano tangu mwezi kuandama, maana kila siku maji hujaa kiasi cha dakika 50 nyuma ya jana yake. Hapo yanajaa karibu saa moja asubuhi na bado yana nguvu. Unaingia jua likichomoza, unatoka kabla ya saa tatu. Ukichelewa umepwelewa, na mbu wa pale hawana huruma.

Kijana wa Langoni

Kaka, mbona mnajitesa? Funga mashine ya farasi 15 nyuma, nenda Siyu, rudi saa unayotaka. Mashua nyingi sasa zina mashine, hata za kupeleka wageni. Na ukiwa na mashine unaweza kufika hata Kiwayu.

Fundi wa Matondoni

Kiwayu kwa wikendi, na watoto, na kusi? Hapana. Ni mbali, na kule ni mahali pa kukaa siku nne tano ndipo upaone.

Mashine si dhambi, mimi mwenyewe nazifungia watu. Lakini tezi, yaani nyuma, ya mashua iliyojengwa kwa tanga haikutengenezwa kubeba mtikisiko huo. Misumari yake imo ndani ya mbao miaka mingi, imeliwa na chumvi. Ukiifunga mashine bila kuongeza mbao za kushikilia ndani, miezi michache tu utaona ubao wa nyuma unaachana na taruma, mbavu za chombo. Hiyo ni kazi ya fundi, si ya wiki moja.

Sasa nikuambie lililo kubwa kuliko njia, ndugu Mwana wa Mkomani. Usiishushe hiyo mashua Ijumaa ukapandisha tanga. Imekaa juani miaka miwili, mbao zimekauka zimenywea, kila maungio yana nafasi. Leo hii chukua kisu chembamba upitishe baina ya mbao, uanzie ule ubao wa kwanza juu ya mkuku, maana ndipo maji huanzia. Pamba ya kalafati ikitoka mbichi na imeshikana, iache. Ikitoka kama vumbi, itoe yote, upige mpya iliyoloweshwa mafuta. Gonga misumari kwa nyundo ndogo. Mzima hulia, uliooza hunyamaza. Chini paka shahamu na chokaa kama wazee walivyopaka, bado hakuna kinachowashinda wadudu wanaotoboa mbao kwa bei hiyo.

Kisha ishushe Jumanne, uifunge maji mafupi, uiache ijae maji. Ndiyo, iache ijae. Mbao zitakunywa siku tatu, zitavimba, zitabana zenyewe. Alhamisi jioni ifue maji, ulale, asubuhi uangalie maji yamefika wapi. Yakifika kwenye kifundo cha mguu, usiende popote. Farumi, uzito wa kuituliza mashua, tia mchanga ndani ya magunia, usitie mawe. Mawe yanapiga mbao mkiyumba, na mkipanda fungu mchanga unaweza kuumwaga.

Wa Malindi

Mimi niko Malindi, nina ngalawa. Nawaonea wivu kwa jambo moja: nyinyi mna maji ya ndani, yamekingwa na visiwa. Sisi kusi ikivuma tunaikabili moja kwa moja, na njia ya kurudi ndani ya mwamba ina mahali pake na saa yake. Julai mimi siendi na watoto popote. Kwa hiyo naungana na Nahodha, tumia maji mliyopewa. Na kila mtoto avae jaketi lake tangu mnapopanda, si kulikalia.

Nahodha Mstaafu

Nimetazama hesabu ya mwezi. Ijumaa yako ni mwezi tatu. Basi sikiliza. Adhuhuri maji yamepwa, baada ya swala yanaanza kujaa, na maji ya kujaa pale mjini yanakwenda kaskazini. Mkondo na kusi vyote vinakusukuma, mnafika Matondoni kabla ya Magharibi, mlale. Jumamosi ondokeni asubuhi mapema, mafungu bado yamefunikwa. Kuelekea Kipungani upepo utakuwa ubavuni na mara nyingine usoni, lakini maji yametulia nyuma ya kisiwa, huko ndiko mwanao mkubwa ashike kana. Jumapili tokeni alfajiri, kusi nyuma. Mkikunja kona kuelekea mjini upepo utawakabili kidogo, ila saa hiyo maji yanatoka, mkondo utawashusha. Mkishindwa pigeni upondo, mti wa kusukumia chombo, ukingoni.

Na umwarifu mtu wa kikundi cha ufukwe, kwenda na kurudi, kwa majina ya mliomo chomboni.

Mwana wa Mkomani

Jamaa, tumerudi jana saa sita kasoro. Nawashukuru sana.

Nilifuata maneno ya fundi. Upande wa kushoto wa mkuku pamba ilitoka vumbi, kiasi cha hatua mbili. Nilimwita ami, akaletewa kiti, akakaa pale mvinjeni akituelekeza, na mwanangu mdogo akipiga kalafati mpaka viganja vikatoka lengelenge. Mashua ilijaa maji Jumanne mpaka nikaogopa. Alhamisi tuliifua, Ijumaa asubuhi nikakuta maji ya kujaza kata mbili tatu.

Kwenda Matondoni ilikuwa kama mzee alivyosema, sikugusa demani. Tulipika wali kwenye jiko la makaa ndani ya sanduku la mchanga, tukala na kolekole aliyevuliwa na mpwa wangu. Usiku nilisikia kitu sijawahi kukisikia nyumbani: kaa wakitembea mikokoni, kama mtu anayevunja vijiti polepole. Mwanangu mkubwa alishika kana karibu njia yote ya kwenda Kipungani. Mara ya kwanza tulipobisha alisukuma upande usio wenyewe, tanga likapiga kelele, tukasimama. Mara ya tano akawa anasubiri upepo umguse shavu ndipo ageuze. Sikumfundisha hilo. Kipungani mama mmoja alitukaribisha barazani akisuka mkeka, akatupa maji ya madafu, akakataa pesa.

Jumapili penye kona kusi ilitupiga kweli, mawimbi yakaingia omoni mara mbili, na hapo ndipo nikaelewa Siyu ingekuwaje. Takwa nimeiweka mwezi ujao, mwezi tano, Bi wa Shela akipenda aje na sisi atuonyeshe kaburi. Siyu ni Januari, inshallah.

Tatizo moja. Ubao wa pili upande wa kushoto, karibu na tezi, umeanza kulia maji tangu Jumapili. Si mengi, lakini hayakuwepo. Niangalie mwenyewe au nikuletee, fundi?

Bi wa Shela

Nitakuja. Mkate wa mofa juu yangu.

Fundi wa Matondoni

Usiuguse. Huo ni msumari, si pamba. Ngoja bamvua ijayo, uilete maji ya jioni yakiwa juu kabisa, tuipandishe mpaka penye mikadi bila kuiburuta. Na mje na ami yako, nitamtafutia kiti.