Naomba mnikosolee orodha ya vifaa vya porini: Tabora, usiku sita bila umeme

mzingabora
Wakuu, habari za jioni. Mwezi wa nane tunaingia msitu wa upande wa Sikonge kukagua mizinga ya nyuki. Ni usiku sita, umeme hakuna, mtandao nao unakata mapema. Ninavyovitamani, kwa mpangilio wa hamu: pawabenki ya 50,000 mAh yenye kasola mgongoni, GPS ya mkononi ya Garmin, tochi ya kichwani ya lumeni 2000, hema la watu wawili (kuna moja la bluu zuri mno), chujio la maji na jiko dogo la gesi. Hela haitoshi vyote. Nianze na kipi, na kipi ni mbwembwe tu?

fundi_wati
Piga hesabu ya umeme kwanza, duka baadaye. Hizo mAh za kwenye boksi zinahesabiwa kwa volti 3.7 za betri ya ndani, siyo volti 5 zinazotoka kwenye waya. Badili kila kitu kiwe wati-saa (Wh): 20,000 mAh × 3.7 = 74 Wh. Toa kinachopotea kwa joto na kubadili volti, unabaki na kama 60. Simu ya 5,000 mAh inameza karibu 19 kila ukiijaza. Ukiiweka hali ya ndege ikakaa siku mbili, kwa siku sita unahitaji kuijaza mara tatu: 57. Tochi yenye betri moja ya 18650 (ile ya duara ya kuchaji) ni kama 11, mara mbili ni 22. Jumla 79.

Kwa hiyo pawabenki moja ya 20,000 haitoshi, ila ya 20,000 na ya 10,000 zinatosha na chenji inabaki. Kwa usiku sita nisingenunua paneli ya sola. Paneli ya kukunja inaanza kulipa safari ikipita siku kumi hivi.

Kasola ka mgongoni sahau kabisa. Kana wati moja na nusu hivi. Gawa 74 kwa 1.5 uone: saa karibu hamsini za jua kali, huku betri yenyewe inaokwa.

Hiyo ya 50,000 ipeleke kwenye mizani ya duka la nafaka kabla hujalipa. Seli ya 18650 yenye uzito wa gramu 48 hivi, zile nzuri kabisa, inabeba 3,500 mAh. Kufika 50,000 unahitaji seli kumi na tano, yaani gramu 720 hivi bila kasha. Ikisoma gramu 350, namba ya kwenye boksi ni ya kupamba. Na ikiwa ya kweli ni 185 Wh: ndani ya ndege mwisho ni 100, hadi 160 kwa ruhusa ya shirika, juu ya hapo hairuhusiwi.

mrina_asali
Hema la bluu acha hapohapo dukani. Mitego ya mbung'o inashonwa kwa kitambaa cha bluu na cheusi kwa sababu ndizo rangi zinazowavuta. Mbung'o anatembea mchana, kwa hiyo begi na nguo ndiyo hatari kubwa kuliko hema: chukua kaki au kijani kilichofifia, kitambaa kizito, maana kile chepesi anakitoboa. Dawa za kupaka za mbu hazimsumbui sana. Nguo nyeusi nyuki nao hawazipendi, kwa hiyo kaki inakusaidia kotekote.

Tochi: lumeni 2000 ni za dakika chache, ikipata moto inajishusha yenyewe. Chukua ya 300 yenye taa nyekundu. Nyuki haoni nyekundu. Ukifungua mzinga usiku na taa nyeupe wanaifuata hadi usoni. Mchana legeza kifuniko cha betri robo mzunguko, isije ikawaka ndani ya begi.

Vigingi vinavyokuja na hema vinapinda kwenye ardhi kavu ya Agosti. Nunua misumari ya inchi sita, kumi na miwili. Nguzo za faiba hupasuka kwa urefu, kwa hiyo beba kipande cha bomba cha sentimita 12 kinachoingia juu ya nguzo, na tepu ya kitambaa. Chini tandika turubai na ulinyanyue kila asubuhi: mchwa wakipanda wanakula sakafu ya hema kimyakimya.

ramani_36S
GPS ya mkononi weka mwisho. Simu inapokea setilaiti bila laini wala bando, ila ikiwasha GPS bila mtandao inaweza kuchukua dakika kadhaa kupata mahali, kwa hiyo simama penye anga wazi. Pakua ramani ya Tanzania kwenye Organic Maps au OsmAnd ukiwa bado mjini, halafu weka simu hali ya ndege ujaribu kuifungua. Ukirekodi njia, nenda kwenye mipangilio ya betri uiondolee programu vizuizi, la sivyo simu inailaza na mstari unakatika katikati ya pori.

Kosa kubwa zaidi ni la namba. Tabora ipo kanda ya 36 Kusini ya UTM (mfumo wa kusoma mahali kwa mita kwenye ramani), Kigoma mjini ipo 35, mpaka ni longitudo ya nyuzi 30 mashariki, ukitoka Kigoma ni kabla ya kufika Uvinza. Na ramani za zamani za karatasi zimechorwa kwa kipimo cha msingi kinachoitwa Arc 1960, simu inatumia kingine, WGS84. Ukisoma mzinga kwenye karatasi ukauingiza kwenye simu bila kubadili, unaukosa kwa kama mita 300. Msituni hiyo ni nusu siku ya kuzunguka.

dada_igalula
Chujio ndilo la kwanza, kaka, kabla ya hayo mataa. Agosti maji ni ya madimbwi yenye tope, na chujio la nyuzi laini linaziba ukilinywesha tope. Jaza ndoo jioni, koroga shabu kidogo, acha hadi asubuhi, mimina ya juu kupitia kitenge kilichokunjwa mara nne, ndipo uchuje. Lisukume maji safi kinyumenyume kila siku kwa bomba lake la sindano. Chujio la mikroni 0.1 halizuii virusi, kwa hiyo malizia na kidonge cha WaterGuard, subiri nusu saa. Kidonge kwenye maji ya tope kinaishia kupigana na tope.

mzingabora
Asanteni sana. Dada, na jiko la gesi je?

dada_igalula
Ulizia kwanza kama mitungi yake midogo ya kufunga kwa kuzungusha inapatikana Tabora. Ikiwa ni ya kuagiza Dar, chukua sufuria moja na mafiga, hela iongeze kwenye chujio la pili.

fundi_wati
Na waya wa kuchajia uwe mfupi na mnene, beba miwili. Ukikatika mmoja huko, pawabenki zote mbili ni mzigo tu.