Kipimo cha ugumu wa ini kimepanda kutoka 6.1 hadi 8.9: je, ni makovu?

Mkazi wa Pasua

Habari zenu, ndugu. Nina miaka 43, naishi Moshi, na tangu mwaka 2021 ninafuatiliwa kwa homa ya ini B bila kutumia dawa, kwa kuwa kila nilipokwenda kliniki daktari aliridhika na vipimo vyangu. Mwaka jana nilipimwa ugumu wa ini Dar es Salaam nikapata kilopaskali 6.1. Wiki iliyopita nilipanda basi la alfajiri kwenda Arusha, nikanywa mtori stendi ili nisizidiwe na njaa kwenye foleni, na ilipofika saa nne nikapimwa: 8.9. Altrasaundi nayo, ambayo miaka yote iliandikwa kwamba ini ni la kawaida, safari hii imeandikwa kwamba lina mafuta ya daraja la kwanza. Nilikabidhiwa bahasha bila maelezo, na miadi ya daktari ni baada ya wiki tatu. Mke wangu anasema nisubiri, lakini usingizi sipati. Je, ini linaweza kupata makovu kwa kasi hiyo?

Muuguzi Mstaafu, Arusha

Pole sana, mdogo wangu. Kabla ya makovu, tuzungumzie mtori.

Mashine ile haioni kovu. Inasukuma wimbi dogo kupitia katikati ya mbavu na kupima kasi ya wimbi hilo ndani ya ini. Likienda kasi, ini linahesabiwa kuwa gumu. Sasa mtu akila, damu nyingi hutoka kwenye utumbo kuelekea ini, nalo hujaa na kukaza kwa muda, ndiyo maana mgonjwa hutakiwa awe hajala kwa angalau saa tatu. Kuvimba kwa ini, nyongo iliyoziba na moyo unaoshindwa kusukuma damu vizuri pia hupandisha namba bila kovu jipya kuwapo. Hata hivyo sikufichi: mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2024 unahesabu zaidi ya 7 kuwa dalili ya makovu yanayostahili dawa, na zaidi ya 12.5 kuwa sirosisi, yaani makovu yaliyoenea ini zima, kwa hiyo 8.9 hairuhusiwi kupuuzwa. Inatakiwa irudiwe ukiwa hujala.

Kuhusu mafuta, daraja hilo hukadiriwa kwa macho, kwa kulinganisha mng'ao wa ini na wa figo, na wasomaji wawili wanaweza kutofautiana. Uzito umeongezeka?

Tazama pia kwenye karatasi kama vipimo vilichukuliwa mara 10 na kama tofauti kati yake haikuzidi asilimia 30. Na ALT yako, kile kimeng'enya cha ini kinachopanda kwenye damu ini likiumia, ni ngapi?

Fundi wa Ngaramtoni

Kaka, mimi nilipata 11.4 wakati ALT yangu ikiwa juu sana, nikaanza kugawa mashamba kichwani. Niliandikiwa tenofoviri, dawa ya kudhibiti kirusi cha homa ya ini B, na baada ya mwaka mmoja nikapima 6.9. Daktari aliniambia sehemu kubwa ya ile namba ya kwanza ilitokana na kuvimba kwa ini, si makovu.

Mkazi wa Pasua

Shikamoo dada, na asante, kaka. Vipimo vilikuwa 10 na tofauti ni asilimia 14. Uzito umeongezeka kilo sita; nyama choma za mwisho wa wiki zina mchango wake. ALT ilikuwa 38 mwaka jana, sasa ni 92. Nikiri pia kwamba kwa miezi miwili nimekuwa nikinywa dawa ya mizizi niliyouziwa kwamba inasafisha ini.

Muuguzi Mstaafu, Arusha

Marahaba. Basi kinachonishughulisha sasa ni hiyo 92 kuliko 8.9. Mizizi iache leo, kwa sababu zipo dawa za asili zinazoumiza ini lenyewe, na chupa uende nayo kliniki daktari aione. Lakini usiitupie mizizi lawama zote: kwa mwenye homa ya ini B, ALT ikipanda hivyo huenda kirusi chenyewe kimeamka, na hilo hujulikana kwa kupima wingi wa kirusi kwenye damu, si kwa altrasaundi. Wiki tatu ni nyingi. Piga simu kliniki, uwatajie ALT zote mbili na tarehe zake, uombe kuonwa mapema. Macho yakianza kuwa ya manjano, mkojo ukawa kama chai ya rangi au tumbo likajaa, usingoje miadi yoyote.

Mkazi wa Pasua

Nimepiga simu, nimepewa Alhamisi hii. Wameniambia nibebe majibu yote ya tangu 2021 na nisile kitu asubuhi, hivyo mtori nitaunywa wakati wa kurudi.