Kumdhamini mwenzi anayekuja kukaa miezi mingi: fedha zithibitishwe vipi?

Swali

Habari zenu wanajamii. Mwenyeji yuko Uingereza, ameajiriwa, na anataka mwenzi wake aje kumtembelea kwa miezi mitano. Mwenzi ana biashara ndogo nyumbani, na fedha zake nyingi hupita kwenye simu badala ya benki. Gharama zote atabeba mwenyeji. Je, barua ya mwaliko na salio zuri benki vinatosha? Salio liwe kiasi gani? Mlio nchi nyingine nanyi mseme kwenu mambo yakoje, maana humu tumetawanyika.

Jibu, kutoka Uingereza

Ndugu muulizaji, kiasi maalumu hakipo. Kanuni za wageni za Uingereza hazitaji namba popote. Zinadai fedha za kutosha kwa ziara nzima, pamoja na nauli ya kurudi, bila mgeni kufanya kazi wala kugusa fedha za umma (misaada ya serikali). Mtu mwingine anaruhusiwa kulipa iwapo ana uhusiano wa kweli na mgeni, yuko nchini kihalali, na *anaweza na atatoa* msaada huo kwa muda wote wa ziara. Maneno hayo mawili yasomeni taratibu. "Anaweza" huthibitishwa na taarifa za benki na hati za mshahara. "Atatoa" huthibitishwa na barua, pamoja na alama kwamba amewahi kutoa. Wengi hutuma la kwanza tu, kisha wanashangaa kunyimwa viza ilhali salio lilikuwa nono.

Salio la siku moja halimwambii afisa wa viza kitu. Anachosoma ni mwendo wa akaunti. Pelekeni taarifa za miezi 6, kurasa zote, hata zile tupu. Hati za mshahara ziwe za miezi hiyo hiyo, na kila mshahara ulioandikwa kwenye hati uonekane ukiingia benki kwa kiasi kile kile. Pakitofautiana hata kwa pauni 40, sema sababu kwenye barua (saa za ziada, makato ya pensheni) kabla hujaulizwa, kwa sababu hutaulizwa. Ombi huamuliwa kwa karatasi zilizopo.

Hesabu ifanyeni waziwazi ndani ya barua. Kwa mfano, namba hizi ni za kuonyesha njia tu: mshahara unaofika benki ni pauni 2,300 kwa mwezi. Kodi ya nyumba 900, umeme, gesi, maji na kodi ya manispaa 330, usafiri na simu 170, chakula 250. Zinabaki 650. Mgeni akikadiriwa 300 kwa mwezi, miezi mitano ni 1,500. Tiketi ya kwenda na kurudi 750, bima na dharura 400. Jumla 2,650, na ziada ya miezi mitano ni 3,250. Inatosha, lakini ona mtego: tiketi na bima hulipwa kabla ziada hiyo haijapatikana. Kwa hiyo akiba iliyopo leo lazima ibebe angalau hiyo 1,150, na kidogo juu yake.

Mtego wa pili ni barua kusema zinabaki 650 huku taarifa ya benki ikionyesha akaunti inashuka hadi pauni 30 kila tarehe 25. Barua na benki vikigombana, benki ndiyo inayoaminiwa. Kwa wengi wetu fedha hizo hazijapotea, zimetumwa nyumbani. Basi chukua risiti za kutuma fedha, zipigie mstari kwenye taarifa, na kama sehemu yake humwendea mwenzi mwenyewe, iandike: "Kila mwezi humtumia 200, akiwa hapa, fedha hizo zitatumika kwenye matunzo yake hapa." Sentensi hiyo moja inafanya kazi mbili, maana inaeleza salio dogo na wakati huo huo inaonyesha kwamba msaada si ahadi mpya.

Barua yenyewe isizidi ukurasa mmoja na nusu. Iwe na jina kamili la kila mmoja kama lilivyo kwenye pasipoti, tarehe za kuwasili na kuondoka, anwani atakakofikia, nani analipa nini, hesabu, hadhi ya mwenyeji nchini, saini na tarehe. Ambatisha nakala ya pasipoti ya mwenyeji au uthibitisho wa hadhi yake ya ukaazi, mkataba wa pango, na kama nyumba ni ya kushirikiana, barua ya mwenye nyumba kwamba mgeni anaruhusiwa kwa muda huo. Hiyo ya mwisho husahaulika sana. Kuna mikataba ya pango inayokataza mgeni kulala zaidi ya siku kadhaa, na mkataba huo huo ndio mtu anaoupeleka kama ushahidi!

Jibu, kutoka Uingereza (mwingine)

Mkuu hapo juu kaeleza vizuri upande wa mwenyeji. Mimi naongeza upande wa mgeni, ambako ndiko maombi mengi yanakoangukia.

Fedha za mwenyeji zinajibu swali moja tu: atakula nini. Hazijibu kwa nini atarudi. Na miezi mitano ni mirefu. Mtu mwenye duka akiondoka miezi mitano, afisa anajiuliza duka linaendeshwa na nani. Jibu liwe na karatasi: leseni ya biashara iliyo hai, namba ya mlipakodi na risiti za kodi, mkataba wa pango la duka, barua ya atakayeachiwa. Aliyeajiriwa naye alete barua ya ruhusa inayotaja tarehe ya kuanza, tarehe ya kurejea kazini, na kama likizo ina malipo au haina. Likizo yenye malipo ya miezi mitano haiaminiki kirahisi. Kama haina malipo, iandikwe hivyo. Kama sababu ya kurudi ni dhaifu kwa miezi mitano, ombeni wiki nane. Viza ya kawaida ya mgeni huruhusu kukaa hadi miezi 6 kwa ziara moja, lakini kuruhusiwa si sababu ya kuijaza yote.

Fedha za simu: usipeleke picha za skrini. Omba kwa kampuni ya simu taarifa rasmi ya miezi 6 kwa faili la PDF. Kisha mwenzi atenge kwenye karatasi moja mauzo, manunuzi ya bidhaa na matumizi ya nyumbani, mwezi kwa mwezi, ili afisa asilazimike kupembua miamala 900 ya shilingi elfu mbili mbili. Kitu ambacho afisa hawezi kukielewa kwa dakika chache, kwake hakipo.

Nyaraka zisizo za Kiingereza au Kiwelshi zitafsiriwe nzima. Tafsiri iwe na uthibitisho wa mtafsiri kwamba ni sahihi, tarehe, jina lake, saini na mawasiliano. Cheti cha ndoa cha kimila au cha dini bila tafsiri ni karatasi tu.

Jibu, kutoka Ujerumani

Kwetu huku mambo ni tofauti kabisa: barua ya mwaliko peke yake ina uzito mdogo. Udhamini unafanywa rasmi mbele ya ofisi ya wageni, Ausländerbehörde, kwa hati iitwayo Verpflichtungserklärung. Ada ni euro 29. Unaenda na kitambulisho au pasipoti pamoja na kibali chako cha ukaazi, hati tatu za mwisho za mshahara, mkataba wa kazi na mkataba wa pango, pamoja na majina, tarehe ya kuzaliwa, anwani na namba ya pasipoti ya mgeni. Herufi moja ikikosewa kwenye jina, ubalozi unaweza kuikataa, nawe urudi kuomba miadi upya.

Kipimo chao si salio. Wanaangalia mshahara baada ya makato, kisha wanaulinganisha na kiwango cha kipato ambacho sheria hairuhusu wadai kukikamata. Kiwango hicho hubadilika kila tarehe 1 Julai na hupanda kadiri ulivyo na watu unaowatunza. Mwenye watoto wawili anahitaji mshahara mkubwa kuliko asiye na mtoto, hata kama akiba yao ni sawa. Usipofikia, baadhi ya ofisi hukubali uweke dhamana ya fedha zilizofungiwa benki. Ulizeni kabla ya miadi.

Mkipewa hati, angalieni kisanduku cha uwezo wa fedha. Kuna tofauti kubwa kati ya *nachgewiesen*, yaani umethibitishwa, na *glaubhaft gemacht*, yaani umeelezwa kwa namna ya kuaminika tu. Ubalozi unataka cha kwanza. Hati itumike kuombea viza ndani ya miezi 6 tangu isainiwe.

Nawaomba msisaini kwa mazoea. Mdhamini anabeba gharama zote zitakazolipwa na umma kwa ajili ya mgeni: makazi, chakula, matibabu, hata kumrudisha kwao. Sheria inataja miaka 5. Mapenzi yakiisha mwezi wa pili, saini haiishi. Bima ya safari ya Schengen (nchi za Ulaya zinazotumia viza moja ya pamoja) yenye kiwango cha angalau euro 30,000 ni sharti la viza, lakini soma kama inabagua magonjwa aliyokuwa nayo mgeni tangu awali au ujauzito. Bima ikikataa kulipa, deni linamfuata aliyesaini.

Kuhusu miezi mitano: viza ya Schengen ni siku 90 ndani ya kila siku 180, na siku ya kuingia na ya kutoka zote zinahesabiwa. Kuvuka kwenda nchi nyingine ya Schengen hakuanzishi hesabu upya. Anayetaka zaidi ya hapo aombe viza ya kitaifa ya nchi husika, na hiyo ina masharti yake.

Jambo moja linalosahaulika. Kama mwenyeji ni raia wa nchi ya Umoja wa Ulaya anayeishi katika nchi *nyingine* ya Umoja huo, mke au mume wake anaomba viza chini ya Maelekezo ya 2004/38, yaani sheria ya Umoja huo kuhusu raia wake na familia zao kusafiri na kuishi nchi nyingine mwanachama. Viza ni bure, na sehemu za fomu zinazohusu fedha na malazi hazijazwi. Mhispania anayeishi Ujerumani, mkewe anafaidika; Mjerumani anayeishi Ujerumani, hapana. Atakachothibitisha ni ndoa na uraia wa mwenzake, si mshahara.

Jibu, kutoka Sweden

Kwa ufupi. Huku kuna namba ya fedha za kumtosha mgeni: krona 450 kwa siku. Siku 90 ni krona 40,500. Norway wanatumia krona zao 500, hivyo siku 90 ni 45,000. Na Sweden ina kibali cha mgeni kwa ziara inayozidi siku 90, kinachoombwa kwa idara ya uhamiaji, tofauti na viza. Ndugu walioko New Zealand hesabu yao ni dola 1,000 za huko kwa kila mwezi, au 400 kama malazi yameshalipiwa, kwa hiyo miezi mitano ni 5,000 au 2,000. Tofauti hiyo ya 3,000 ndiyo thamani ya karatasi inayothibitisha malazi.

Jibu, kutoka Marekani

Wenzangu wa Marekani, msipoteze usiku mzima kwenye barua ya udhamini. Wizara ya Mambo ya Nje yenyewe inasema barua ya mwaliko au hati ya udhamini haihitajiki kwa viza ya mgeni. Fomu I-134, ya mdhamini kuahidi msaada wa fedha, ipo na mwombaji anaweza kuibeba, lakini afisa humwona mwombaji dirishani na kifungu cha 214(b) cha sheria ya uhamiaji humchukulia kila mwombaji wa viza hiyo kama mhamiaji mpaka athibitishe vinginevyo. Mwenzi ajue kujibu kwa sentensi moja moja: unaenda kwa nani, muda gani, nani analipa, kwenu unarudi kufanya nini. Akitaja kiasi tofauti na kilichoandikwa kwenye fomu, umeharibu.

Muulizaji tena

Asanteni sana wakuu. Swali la nyongeza: akiba ya mwenyeji ni ndogo. Shemeji yuko tayari kumwekea pauni 3,000 kwenye akaunti kwa mwezi mmoja hadi viza itoke. Itasaidia?

Jibu, kutoka Uingereza

Hapana, dada au kaka, na inaweza kuharibu. Fedha zinazotua kwa mkupuo wiki mbili kabla ya ombi ndizo za kwanza kuonekana, na afisa hana njia ya kujua ni za nani. Akiandika kwamba hakuridhika na chanzo cha fedha, mgeni hana rufaa ya kawaida kwa uamuzi huo. Ni kuomba upya na kulipa ada upya, na kukataliwa kule kutatajwa kwenye kila fomu ijayo. Na barua ikisema fedha hizo ni akiba ya mwenyeji ilhali ni za kuazima, huo ni udanganyifu; kwa Uingereza unaweza kumfungia mwombaji mlango miaka 10.

Kama shemeji kweli anataka kusaidia, awe mdhamini wa pili kwa jina lake: barua yake fupi, taarifa zake za benki, hati zake za mshahara, uthibitisho wa undugu, na kitu mahususi anachobeba, mathalani tiketi. Fedha zibaki kwake. Au anunue tiketi yenyewe viza ikishatoka, maana hakuna sababu ya kuilipia kabla. Ratiba iliyopangwa inatosha. Maombi yanaweza kutumwa kuanzia miezi 3 kabla ya safari, hivyo mwenyeji mwenye akiba ndogo asogeze ziara mbele na aweke 250 kila mwezi kwa miezi 6. Pauni 1,500 zilizojengwa taratibu zinasomeka vizuri kuliko 3,000 zilizoangukia akaunti.

Jibu, kutoka Ujerumani

Naongeza kimoja: viza ikishapatikana, nakala za barua, hesabu, bima na tiketi ya kurudi zisafiri kwenye mkoba wa mkononi. Afisa wa mpakani ana haki ya kuuliza maswali yale yale upya, na begi kubwa wakati huo bado liko kwenye ndege. Mwenyeji naye simu yake iwe wazi saa hiyo, si kazini kwenye ukimya.