Kwa nini matangazo ya zamani yaliwekwa ndani ya tramu?

Mchora Mabango, Tabora
Ndugu zangu, salaam. Mwenye Hiace mmoja hapa mjini ameniomba nimpangie nafasi za matangazo ndani ya gari lake. Kabla ya kumshauri, ningependa kujua waliotutangulia walifanyaje, kwani nimesoma kwamba katika miji ya Marekani, tangu enzi za tramu za kukokotwa na farasi, yaani mabehewa ya abiria yaliyopita kwenye reli za barabarani, kadi za matangazo zilipangwa juu ya madirisha. Kwa nini ndani, na si ubavuni ambako mji mzima ungeziona?

Mkazi wa Ujiji
Ndugu Mchora, nje nako waliweka; mabasi ya farasi ya London yalibandikwa majina ya bidhaa pande zote. Hata hivyo, aliye barabarani huliona gari kwa nukta chache tu, ilhali abiria aliyeketi hubaki na tangazo mbele ya macho yake mpaka ashuke, na kesho hupanda tena. Kampuni ya supu ya Campbell ilianza kutumia kadi za tramu mwaka 1899, na mwaka 1904 mchoraji Grace Wiederseim aliwabuni kwa ajili ya kadi hizo watoto wanene wenye mashavu ya duara, ambao waliendelea kuitambulisha supu hiyo kwa miaka mingi.

Jambo ninalolithamini zaidi ni kipimo. Kadi ilipokubaliwa kuwa ya inchi 11 kwa 21, iliweza kuchapwa mahali pamoja na kuingia katika tramu za mji wowote, na hapo nafasi ya juu ya dirisha ikawa bidhaa ya kuuzwa kwa mkataba. Barron Collier, mzaliwa wa Memphis, alikusanya haki za kuuza nafasi hizo katika miji mingi, akatajirika kiasi cha kununua ardhi kubwa Florida, ambako wilaya moja ina jina lake tangu 1923. Kwa hiyo anza na fremu za kipimo kimoja, hata kama gari ni moja.

Mstaafu wa Reli, Tabora
Nakubaliana na ndugu wa Ujiji, ila naongeza tahadhari. Katika stesheni za treni za chini ya ardhi za London, matangazo yalizidi hata abiria wakashindwa kuona jina la kituo, na ndiyo maana mwaka 1908 jina lilianza kuwekwa kwenye mstari wa buluu juu ya duara jekundu. Frank Pick, aliyesimamia kazi hiyo, aliyatengea matangazo sehemu zake maalumu.

Mchora Mabango, Tabora
Shikamoo mzee, na asanteni nyote. Nitampendekezea fremu za kipimo kimoja juu ya madirisha, na kioo cha mbele kibaki na jina la njia peke yake.