Mashine ya kusaga kijijini: nikope ninunue mota ya umeme au niendelee na dizeli?

Mwana Namtumbo
Ndugu zangu, habari za majukumu. Ninamiliki mashine ya kusaga na kukoboa katika kijiji kimoja wilayani Namtumbo, mkoani Ruvuma, inayoendeshwa kwa injini ya dizeli niliyoinunua ikiwa imekwisha kutumika. Natoza shilingi 1,200 kwa debe. Kuanzia Juni, wakulima wanapovuna, nasaga hadi madebe 25 kwa siku. Ikifika Februari hupata madebe 8 tu, na karibu nusu yake ni ya mkopo. Sasa nguzo za umeme zimefika shuleni, mita 200 kutoka kwangu, na taasisi moja ya fedha inanishawishi nichukue milioni 4 ninunue mota. Mke wangu anapinga. Naomba ushauri.

Fundi Mstaafu
Ndugu, kabla ya kuzungumzia mkopo, nenda kaulize TANESCO kama laini iliyofika shuleni ni ya njia moja au njia tatu. Ile shilingi 27,000 ya kuunganishiwa umeme kijijini ni ya njia moja, ambayo hutosha taa, friji na mota ndogo, ilhali mota ya kinu ya nguvu farasi 20, yaani takribani kilowati 15, huhitaji njia tatu. Nimeona mota mpya kabisa zikilala stoo kwa sababu mwenyewe alinunua kwanza, akauliza baadaye. Kwa sasa okoa dizeli: nyundo, vile vyuma vinavyoponda nafaka ndani ya kinu, zikilika upande mmoja, zigeuze utumie upande wa pili kabla ya kununua nyingine, kaza mkanda usiteleze, na usiwashe injini kwa ajili ya debe moja. Panga kusaga kwa muda wa saa mbili tu asubuhi na muda kama huo jioni, wateja watazoea.

Kijana wa Songea
Mimi natofautiana na Mzee Fundi. Akitangulia mwingine kufunga mota, wateja wote watahamia kwake.

Fundi Mstaafu
Naye Februari atasaga madebe hayo hayo 8, mwanangu, na marejesho ya kila mwezi hayasubiri mavuno.

Mama Duka, Mbozi
Kaka, mimi linalonitisha ni daftari lako la madeni. Anayekuja Februari hana fedha, lakini mahindi anayo kichwani. Kata ujira wako humo humo kwa kipimo mlichokubaliana mbele ya watu, kisha uwauzie unga walimu na wauguzi, ambao wana mshahara na wengi wao hawalimi. Halafu pumba hukuzitaja kabisa. Huku kwetu zinagombewa na wafugaji wa nguruwe, na wapo wenye mashine wanaokoboa kwa bei ya chini ili mradi pumba zibaki kwao.

Mwana Namtumbo
Nawashukuru nyote. Nimekwenda TANESCO, nikaambiwa kuwa laini ya shuleni ni ya njia moja, kwa hiyo habari ya mkopo imeishia hapo. Tangu juzi mke wangu ndiye anayeshika daftari, na wadaiwa wawili wamekwisha kulipa kwa mahindi. Ama pumba, Mama Duka, nilikuwa namwachia shemeji yangu bila kuzipima. Tulipomuuliza amekiri kuwa ana nguruwe 6, na kuanzia mwezi ujao atanunua kwa gunia kama wengine.