Mjadala: Je, majina ya askari na wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia yaandikwe vijijini kwetu?

Mchangiaji mwenzetu wa Nakuru ameuliza kwa nini kaunti za Nyanza na Magharibi zigharimie kumbukumbu za watu waliokufa wakimpigania Mwingereza dhidi ya Mjerumani, ilhali vita hivyo havikutuhusu. Swali ni la haki, ila linawahesabu marehemu kuwa wafuasi wa mkoloni. Sheria ya mwaka 1915 iliruhusu watu kuchukuliwa kwa lazima, na mwaka 1917 John Ainsworth, aliyekuwa mkuu wa mkoa wetu hapa Kisumu, alikabidhiwa kazi ya kuwakusanya wapagazi kwa wingi. Machifu walidaiwa vijana. Asiyekuwa na wa kumtetea ndiye aliyekwenda.

Huko Tanganyika, iliyokuwa koloni la Mjerumani, wengi hawakuuawa na risasi. Kijana aliyelelewa kwa ugali wa wimbi na mtama alipewa unga wa mahindi uliosagwa ovyo, akausonga mvuani kwa kuni mbichi, akaula haujaiva, kisha akajitwika mzigo wa zaidi ya kilo 20. Kuhara damu, malaria na nimonia ndivyo vilivyommaliza. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina, na pengine hawakukumbukwa kabisa. Uingereza iliomba radhi bungeni. (Wanajeshi wazungu walikuwa wamekwisha kugawiwa mashamba tangu 1919, Mwafrika akavishwa kipande, yaani kitambulisho cha lazima cha kuvaliwa shingoni.)

Mnara wa kumbukumbu ya vita hivyo ulioko Nairobi una sanamu ya mpagazi, lakini hauna jina lake. Ndiyo maana siungi mkono mnara mwingine mjini. Napendekeza ubao katika kila ofisi ya chifu, uandikwe kwa ushahidi wa familia, kwa kuwa majina mengi bado yamo midomoni mwa wazee: miongoni mwa Waluo, aliyefia ugenini bila mwili kurudi alizikiwa tunda la yago (mwegea) badala ya mwili, na boma lilijua ni nani aliyezikwa hivyo.

Wanaodai fidia kwanza nawaelewa, ila sioni atakayelipwa kabla ya kujulikana nani alikufa. Linalonitatiza ni jingine, nami naomba maoni: je, orodha iishie mwaka 1918, au iwajumuishe pia vijana wetu waliokufa Burma katika Vita vya Pili vya Dunia?