Alama 2 za kemia zimemnyima ufadhili mtu anayetaka kusomea kompyuta. Hizi kanuni anazitunga nani?

Wakuu, habari. Nimekaa na hasira siku tatu nikisema zitapoa. Hazijapoa, nazimwaga hapa.

Mdogo wangu aliomba ufadhili wa kusoma chuo kikuu nje. Sitautaja kwa jina. Fani aliyojaza ni sayansi ya kompyuta. Tangazo lilisema mtihani una karatasi tatu: hisabati, fizikia na "somo la tatu kulingana na fani". Basi, hapo hapo likaishia. Hakuna muhtasari wa mada, hakuna hata karatasi moja ya miaka ya nyuma. Tukajiongeza wenyewe: mtu wa kompyuta somo lake la tatu litakuwa nini kama si kompyuta? Kijana akakesha na algorithimu. Barua ya kuitwa kwenye mtihani ikaja zikiwa zimebaki siku 16, ndani imeandikwa kemia. Kemia! Kwa waombaji wote wa sayansi, anayekwenda kutengeneza dawa na anayekwenda kuandika programu wamewekwa kapu moja.

Nikaandika baruapepe kuomba abadilishiwe. Nikajibiwa kuwa kundi la masomo halibadilishwi baada ya fomu kupokelewa. Kundi lenyewe hatukulichagua sisi, mfumo ulimpangia.

Matokeo: hisabati 91, fizikia 84, kemia 38. Kanuni inataka usipungue 40 kwa kila somo. Jumla yake ni 213 kati ya 300. Sasa hebu pigeni hesabu: mtu mwenye 41, 42 na 40 ana jumla ya 123, na kwa kanuni hii anaingia kwenye orodha ya kushindanishwa. Wa 213 kaachwa mlangoni. Angeshindwa na waliomzidi ningenyamaza na kumpa pole, lakini huyu hakupewa hata nafasi ya kupimwa nao.

Na ujinga huu ni wa zamani. Mwaka 1904 Srinivasa Ramanujan alipata ufadhili wa kusoma chuo cha serikali cha Kumbakonam, India, kwa sababu ya hisabati. Akazama kwenye hisabati, masomo mengine yakamshinda, ufadhili ukaondolewa. Akajaribu chuo kingine huko Madras, na mwaka 1907 yakajirudia yale yale: hisabati kafaulu, mengine kaanguka. Kilichomwokoa ni barua aliyomwandikia G. H. Hardy, mwanahisabati wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, mwaka 1913. Mwaka 1918 akachaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society, chama cha wanasayansi wakubwa cha Uingereza. Simfananishi mdogo wangu na Ramanujan, msije mkanirukia. Ninachosema ni kwamba kanuni ya "lazima uvuke kila somo" ilishamtupa nje mmoja wa wanahisabati wakubwa kabisa, na bado watu wanainakili kama vile haijawahi kukosea.

Najua kuna watakaosema pesa ni yao, wana haki ya kupanga watakavyo. Sawa. Na sikatai kuweka kiwango cha chini cha alama kwa somo ambalo fani inalihitaji. Anayetaka udaktari akipata 38 ya kemia, mrudisheni nyumbani, mimi mwenyewe nitamfungulia mlango. Lakini lazima somo liwe na kazi kwenye hiyo fani, na lazima mtu ajue mapema anapimwa kwa masomo gani. Ufadhili wa serikali ya Japani kwa shahada ya kwanza nao una mtihani, na mgumu kwelikweli, ila masomo yametangazwa kwa kila kundi: wa sayansi jamii wana yao, wa sayansi asilia wengine wanafanya kemia na fizikia, wengine kemia na biolojia, kutegemea wanachokwenda kusoma. Karatasi za nyuma zimewekwa mtandaoni, unapakua bure. Ndiyo, kemia ipo hata huko. Ila mtu anaiona kabla hajajaza fomu, anaamua mwenyewe kama ataiweza au aende kwingine. Siku 16 anaamua nini?

Nimejaribu rufaa. Fomu yao ina mstari mmoja wa kuandika sababu, na chini yake maandishi madogo: "alama hazitapitiwa upya". Sasa hiyo rufaa ni ya kitu gani? Ya mwandiko?

Mkinishauri ajaribu tena mwakani, nimeshaangalia. Kanuni ya umri inahesabu hadi siku ya kwanza ya mwaka wa masomo, na yeye atakuwa ameizidi kwa wiki tano. Kwa hiyo anayejua ufadhili ambao muombaji anaruhusiwa kuchagua somo la tatu mwenyewe, na ambao haumfungii mtu mlango kwa umri huo, aweke hapa chini. Kijana ameshaanza kusoma kemia, eti asikutwe tena.